Mafuriko ya Mto Tana: Namna ya Kuokoa Mifugo na Riziki

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hushuka katika nyika kavu ya Garissa, Hola na Garsen hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kwa sababu ya safari hiyo ndefu, kijiji cha Tana ya chini kinaweza kufunikwa na maji ilhali hakijaona tone la mvua kwa wiki nzima. Mvua iliyoleta maji hayo ilinyesha Nyeri au Embu. Mfugaji anayetazama mawingu ya kwao peke yake hukutwa na maji usingizini.

Lakini safari hiyo hiyo humpa nafasi. Bwawa la Masinga likijaa na kuanza kumwagika, maji huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine kufika Hola na Garsen. Siku hizo ndizo zinazookoa mifugo, na mwongozo huu umepangwa kuzifuata: kazi za kiangazi, kazi za siku za tahadhari, kazi za wakati wa maji, na kazi za wiki zinazofuata. Laga, yaani mkondo mkavu unaopitisha maji wakati wa mvua tu, ni jambo jingine. Laga hushuka ghafla, pengine usiku, na haitoi hata saa moja. Boma lisijengwe ndani ya laga wala ukingoni mwake, hata kama laga hiyo imekaa miaka mingi bila maji.

Kwa nini mifugo hufa

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wanajua kuogelea. Wanaokufa siku ya mafuriko hufa kwa sababu tatu, na zote zinazuilika.

Ya kwanza ni kamba na mlango. Ndama aliyefungwa kwenye kigingi, mbuzi waliofungiwa zizini, kuku waliofungiwa bandani: hao hawana pa kwenda. Ya pili ni kuchelewa. Kundi linaloondoka maji yakiwa bado mbali hutembea. Kundi linaloondoka maji yakiwa magotini hutawanyika, na vichanga huachwa nyuma. Ya tatu ni udhaifu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na ukame huo uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba 2023 ziliwakuta waliobaki wakiwa mifupa mitupu. Mnyama wa namna hiyo akilowa usiku kucha hufa kwa baridi, maji yasipomgusa hata ukwato.

Hasara haiishii hapo. Maji yakishuka huja mbu, konokono, matope na maradhi, na kaya iliyookoa kundi lake siku ya mafuriko inaweza kulipoteza mwezi mmoja baadaye. Kwa hiyo sehemu ya magonjwa hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Kazi za kiangazi: kupima, kuhesabu, kupatana

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Ni kujua maji hufika wapi.

1. Wazee waulizwe maji ya 1961 na ya 1997 yalifika wapi, na vijana waonyeshe yalipofika 2018 na 2024. Alama ipigwe kwa rangi kwenye mti au nguzo ya kila mahali panapotajwa.
2. Nguzo moja yenye mistari kila sentimita 20 isimamishwe ukingoni mwa mto, mahali panapoonekana bila kuingia majini. Mtu mmoja apewe kazi ya kuisoma asubuhi na jioni wakati wa mvua na kuwapigia simu wenzake.
3. Mahali pa juu pachaguliwe: juu ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote, penye njia isiyokatwa na laga, na penye kivuli au miti ya kufungia turubai.
4. Mifugo ihesabiwe kwa jina, rangi na alama. Picha zichukuliwe kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mbali, kwa maana simu huzama. Mnyama asiye na chapa wala hereni ya sikio ni vigumu kumdai akipatikana katika kundi la mwingine.

Kazi ya pili ni ya watu, na wengi huiruka. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe mtoni na kwenye delta wakati wa kiangazi, na kuwatoa kwenda nyika mvua zinapoanza. Wapokomo hulima kandokando ya mto. Kati ya mashamba kuna malka, njia za mifugo kwenda kunywa maji, na kwa malka hizo hizo mifugo hutoka maji yanapopanda. Malka iliyolimwa huwa mtego: ng'ombe hukwama kati ya mto na uzio, au huvunja uzio na kula mazao, na ugomvi huanza siku ambayo watu wote wangepaswa kusaidiana. Mapigano ya Tana Delta ya 2012, yaliyoua watu zaidi ya mia moja, yalikuwa na mizizi katika maji na malisho.

Kwa hiyo kabla ya kila msimu wa mvua kuna haja ya kikao kimoja kati ya wazee wa Gasa (baraza la wazee wa Wapokomo), wazee wa wafugaji, chifu na afisa wa mifugo. Kikao kijibu maswali manne: malka zipi zitabaki wazi, mifugo itapita siku gani, mazao yakiliwa yatalipwaje, na mifugo ya mkulima asiye na mahali pa juu itapokelewa na nani. Swali la mwisho ndilo linalojenga undugu. Mfugaji anayepokea mbuzi wa mkulima nyikani wakati wa mafuriko hupewa mabua ya mahindi na mpunga wakati wa kiangazi.

Hesabu ya lishe

Watu wengi huambiwa waweke akiba ya majani bila kuambiwa kiasi. Hesabu ni nyepesi. Mnyama anayekula majani huhitaji kwa siku chakula kikavu cha uzito unaokaribia asilimia 2.5 ya uzito wake. Ng'ombe wa kilo 250 hula kilo 6 hivi. Mbuzi au kondoo mkubwa hula kilo 1 hivi.

Kaya yenye ng'ombe 10 na mbuzi 30 itahitaji kilo 60 na kilo 30, jumla kilo 90 kwa siku. Kwa siku 14 za kuzingirwa na maji, ni kilo 1,260. Robota moja la majani lililofungwa kwa sanduku la mbao lina kilo 20 hivi, kwa hiyo kaya hiyo ingehitaji marobota 63. Ni kaya chache zinazoweza.

Jibu la hesabu hiyo ni kugawa kundi. Wanyama wenye nguvu, yaani maksai, madume, mitamba na mbuzi wasionyonyesha, wahamishwe mapema kwenda nyika. Wanaobaki karibu na familia ni wale wasioweza safari: ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi kumi wenye mimba au wenye watoto, na vichanga. Hao wanahitaji kilo 22 kwa siku, kilo 308 kwa siku 14, yaani marobota 16. Kazi hiyo inawezekana kwa wiki moja ya kukata majani.

Namna ya kufunga robota:

1. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45.
2. Kata majani yanapoanza kutoa maua, si yakishakauka yenyewe. Yakizeeka hubaki makapi.
3. Yaanike siku 2 au 3, ukiyageuza. Yawe makavu lakini bado na rangi ya kijani.
4. Laza kamba mbili ndani ya sanduku, shindilia majani kwa miguu, funga, kisha nyanyua sanduku.
5. Panga marobota juu ya kichanja kilicho juu ya alama ya mafuriko, na yafunikwe kwa turubai upande wa juu tu. Pembeni hewa ipite.

Kosa la kawaida ni kufunga majani mabichi. Huota ukungu, na majani yenye ukungu humharisha mnyama na huweza kutoa mimba.

Mathenge, mti wa miiba uliovamia nchi ya Garissa na Tana River, una faida moja hapa. Maganda yake makavu yakisagwa ni chakula kizuri cha kuongezea majani. Yasagwe, yasitolewe mazima: mbuzi wanaoishi kwa maganda mazima huharibika meno, na mbegu zinazopita tumboni zikiwa nzima huota kila wanapolala. Yasizidi sehemu ndogo ya mlo wa siku.

Kichanja na banda la juu

Wakazi wa Rufiji, Tanzania, ambao mto wao hufurika vilevile, wamezoea tangu zamani kujenga madungu, vibanda vilivyonyanyuliwa juu ya nguzo, vya kulindia mashamba na kukaa maji yanapotanda. Banda la mbuzi hujengwa kwa akili hiyo hiyo. Nguzo zichimbiwe kwa kina cha kutosha, sakafu iwe angalau nusu mita juu ya alama ya maji makubwa, na mbao au fito za sakafu ziache nafasi ya sentimita 1.5 ili kinyesi kidondoke bila ukwato kunasa. Mbuzi mmoja apewe mita moja ya mraba au zaidi kidogo. Kichanja cha mita 3 kwa 4 huchukua mbuzi kumi kwa raha.

Maji ya kasi yenye magogo huvunja kichanja. Kwa hiyo kichanja kinafaa pale maji yanapotuama na kupanda polepole. Karibu na mkondo hakifai; hapo jibu ni kuhama.

Ng'ombe ni wazito kwa kichanja. Kijiji kisicho na mwinuko kinaweza kuchangia kazi ya kujenga kilima cha udongo ulioshindiliwa na kupandwa nyasi pembeni. Bangladesh hujenga vilima vya namna hiyo kwa ajili ya mifugo. Ni kazi ya kijiji kizima na ya serikali ya kaunti, na kijiji kiiombe mapema kwenye bajeti.

Kuku wasisahauliwe, kwa kuwa mara nyingi ndio mali ya mama na ya watoto. Matenga mawili ya kusafirishia, yakining'inizwa tayari ukutani, yanatosha kuku ishirini.

Chanjo kabla ya mvua

Chanjo huchukua wiki mbili au zaidi kujenga kinga, na wanyama wakishazingirwa na maji daktari hafiki. Kaya iulize ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu chanjo za homa ya Bonde la Ufa, kimeta, chambavu, sotoka ya mbuzi na kondoo, na homa ya mapafu. Kwa kuku, chanjo ya mdondo aina ya I-2 hutiwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

Dawa za minyoo zitolewe wakati huo huo kwa ushauri wa mtaalamu. Baadhi yake huharibu mimba changa.

> KISANDUKU CHA KUBANDIKA UKUTANI: SIKU ZA TAHADHARI
>
> *Tangazo la Masinga kujaa, au onyo la Idara ya Hali ya Hewa:*
> 1. Rudisheni kundi lote karibu. Hesabuni.
> 2. Ondoeni wenye nguvu siku hiyo hiyo, mchana, kwa malka iliyokubaliwa.
> 3. Hamisheni vichanga na wenye mimba mahali pa juu. Watangulieni kwa majani na chumvi.
> 4. Pandisheni nafaka, mbegu, dawa na hati.
>
> *Maji yakipanda mistari miwili ya nguzo ya mto kwa siku moja:*
> 5. Hakuna mnyama kulala karibu na mto.
> 6. Watoto, wazee na wajawazito waondoke kabla ya giza.
>
> *Maji yakionekana:*
> 7. Fungueni kila kamba na kila mlango.
> 8. Ondokeni. Asirudi mtu kwa ajili ya mnyama.

Maji yakishafika

Agizo la mwisho katika kisanduku ndilo gumu kuliko yote kwa mfugaji, na ni lazima lisemwe waziwazi. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15, yanayovuka kifundo cha mguu kidogo tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Aprili 2024, barabara ya kati ya Madogo na mji wa Garissa ilipofunikwa, boti iliyokuwa ikivusha watu ilizama na watu wakafa. Mamba na viboko nao hutoka mkondoni na kufuata maji hadi kwenye mashamba. Ng'ombe aliyefunguliwa ana nafasi ya kujiokoa. Mtu anayemfuata usiku hana.

Ikilazimu kuvusha mifugo kwenye maji yaliyotuama, wavushwe mchana, kwa makundi madogo, ng'ombe mkubwa aliyezoea maji akitangulia. Kamba isifungwe shingoni mwa mnyama na kiunoni mwa mtu. Mbuzi na kondoo wapakiwe kwenye mtumbwi wakiwa wamelazwa, na watu wasichanganywe nao katika chombo kimoja. Kondoo mwenye manyoya marefu hulowa na kuwa mzito, asiachwe aogelee mbali.

Mahali pa juu, adui wa kwanza ni baridi. Mwanambuzi aliyelowa akaushwe kwa nguo au majani makavu, asuguliwe mpaka apate joto, kisha ndipo apewe maziwa ya vuguvugu. Kumlazimisha kunywa angali baridi na hana nguvu ya kumeza hupeleka maziwa mapafuni.

Adui wa pili ni maji machafu. Mafuriko huzoa vyoo, mizoga na dawa za mashambani. Ng'ombe mmoja hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku, mbuzi lita 3 hadi 5, kwa hiyo haiwezekani kuchemsha maji ya kundi zima. Yachotwe penye mkondo hafifu, mbali na makazi, yaachwe yatulie kwenye pipa au shimo lililotandikwa nailoni, na mifugo inyweshwe ya juu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa turubai wabakishiwe watu na vichanga.

Adui wa tatu huja na neema. Kundi lililotoka kwenye ukame likiachiliwa ghafla kwenye majani mabichi yaliyolowa huvimba tumbo na kufa ndani ya saa chache. Kila asubuhi wapewe kwanza majani makavu, hata kidogo, ndipo watoke, na siku za mwanzo wasikae malishoni kutwa nzima. Majani yaliyofunikwa na matope wasipewe mpaka mvua iyaoshe.

Wiki zinazofuata: magonjwa

*Homa ya Bonde la Ufa.* Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, na tangu hapo historia yake Afrika Mashariki imeandamana na mvua kubwa. Virusi vyake huweza kukaa ndani ya mayai ya mbu yaliyotagwa kwenye udongo wa mabonde na kusubiri huko kwa miaka. Mafuriko yakiyafunika, mbu huanguliwa wakiwa tayari wana virusi na kuuma mifugo, kisha mbu wa aina nyingine huusambaza. Ulizuka baada ya mvua za El Niño za 1997, na tena mwishoni mwa 2006, ukianzia Garissa. Katika mlipuko huo wa pili watu zaidi ya 150 walifariki nchini Kenya, na ugonjwa ukafika Somalia na Tanzania.

Dalili yake kubwa ni mimba kutoka kwa wingi katika kundi, karibu kwa wakati mmoja, pamoja na vifo vya ghafla vya wanakondoo, wanambuzi na ndama. Mimba moja kutoka inaweza kuwa jambo jingine. Tano kwa wiki moja ni taarifa ya kupelekwa kwa afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Watu huupata kwa kuumwa na mbu na, mara nyingi zaidi, kwa kushika damu, nyama mbichi, kondo la nyuma au mimba iliyotoka. Kwa hiyo:

- Anayemsaidia mnyama kuzaa avae glavu, au angalau mifuko ya nailoni mikononi, na afunike mdomo na pua.
- Mimba iliyotoka na kondo lake vizikwe kwa kina, mbwa wasivifikie.
- Mnyama mgonjwa asichinjwe, hata kama anaelekea kufa. Kuchinja mgonjwa ili "nyama isiharibike" ni njia mojawapo kubwa ya ugonjwa kuingia nyumbani.
- Maziwa yote yachemshwe. Desturi ya kunywa maziwa mabichi isimamishwe mpaka ofisi ya mifugo itangaze usalama.
- Watu walale ndani ya chandarua, na moshi wa samadi uwashwe jioni karibu na zizi.
- Mtu mwenye homa kali, maumivu ya kichwa na viungo, macho kupoteza nuru au kutokwa damu apelekwe hospitali, na daktari aelezwe kwamba mgonjwa anaishi na mifugo.

Chanjo wakati mlipuko umeshaanza huleta hatari: sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi hubeba virusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Aidha chanjo hai ya zamani huweza kutoa mimba. Uamuzi huo ni wa daktari wa mifugo, si wa muuza dawa sokoni.

*Kimeta.* Vimelea vyake hukaa udongoni kwa miongo, na mafuriko huvifukua. Mnyama aliyekuwa mzima jana hukutwa amekufa, mwili haukakamai vizuri, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Asichunwe wala asipasuliwe. Hewa inapoingia kwenye damu, vimelea hujifanyia ganda gumu la kudumu na kuchafua mahali hapo kwa miaka mingi. Matundu ya mzoga yazibwe kwa matambara, eneo lilindwe, afisa aitwe.

*Kuoza kwato.* Huwapata wanaosimama matopeni. Njia ya lango la zizi iinuliwe kwa changarawe au mchanga. Dawa ya kwato ni mrututu, gramu 500 kwa lita 10 za maji, wanyama wapitishwe na wasimame humo dakika chache. Wanyweshwe maji safi kwanza ili wasiinywe dawa hiyo, kwa maana mrututu ni sumu, hasa kwa kondoo.

*Minyoo ya ini.* Konokono wa maji yaliyotuama huiachia kwenye majani ya kingoni. Minyoo huchukua miezi kadhaa kukomaa ndani ya mnyama, kwa hiyo kondoo anayevimba chini ya taya mwezi wa Februari aliipata kwenye mafuriko ya Novemba. Maeneo ya kingoni yawekewe uzio wa miiba, na dawa itolewe kwa ratiba ya mtaalamu.

Mizoga

Mizoga isitupwe mtoni. Kijiji cha chini hunywa maji hayo hayo. Shimo lenye kina cha mita 2 lichimbwe mahali pa juu, mbali na kisima na makazi, kwa sababu baada ya mafuriko maji ya ardhini huwa juu, na mashimo ya mabondeni hujaa. Shimo likikataa, mzoga uchomwe hadi kuwa majivu. Vijana wanaofanya kazi hiyo wapewe glavu, buti na sabuni, na walipwe au wasamehewe mchango mwingine wa kijiji. Kila mzoga uandikwe na kupigwa picha kabla ya kuzikwa: misaada na fidia zikija, asiye na kumbukumbu huachwa nje.

Riziki nyingine za kaya

Nafaka na mbegu ziwekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu darini au uchagani. Mbegu zitengwe na chakula, na ziwe katika mifuko miwili katika nyumba mbili. Kaya iliyokula mbegu zake hushindwa kutumia udongo mzuri unaoachwa na mto, na udongo huo ni mali. Warufiji huita kilimo cha kufuata maji yanaposhuka mlao, na hupanda kabla unyevu haujazama. Kunde, maboga na mahindi ya muda mfupi hufaa kwa kazi hiyo. Mabua yake yakihifadhiwa ni majani ya kiangazi.

Kuuza baadhi ya mifugo mapema ni hekima, wala si kushindwa. Bei huanguka barabara zikikatika, na soko la Garissa lisipofikika mnunuzi pekee ni yule aliyekuja na bei yake. Mabeberu wawili na maksai mmoja wakiuzwa mvua zikiwa bado mbali, fedha zikawekwa kwenye simu au kwenye chama, hununua dawa na unga wakati jirani anauza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi.

Kuhusu bima, tahadhari moja. Bima ya mifugo inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti, iliyoenea kaskazini mwa Kenya tangu 2015, ilibuniwa kwa ajili ya ukame. Mafuriko huleta majani, kwa hiyo kipimo hicho hakitaona hasara yoyote. Mwenye bima aulize kwa maandishi kama mafuriko yamo.

Orodha ya ukaguzi kabla ya msimu

☐ Alama ya maji ya juu kabisa imepigwa rangi
☐ Mahali pa juu pamechaguliwa na njia yake imetembelewa kwa miguu
☐ Malka zimekubaliwa kwenye kikao
☐ Mifugo imehesabiwa, ina alama, picha zimetumwa kwa ndugu
☐ Wa kuhama na wa kubaki wametengwa
☐ Marobota ya siku 14 yako juu ya kichanja
☐ Chanjo imetolewa angalau wiki 2 kabla ya mvua
☐ Matenga ya kuku, kamba na turubai viko mahali pamoja
☐ Hati, kadi na fedha ziko kwenye mfuko wa nailoni
☐ Nambari za chifu, afisa wa mifugo na Msalaba Mwekundu (1199, bila malipo) zinajulikana na kila mtu nyumbani, watoto wakiwemo

Kazi hizi hazifanyiki Novemba. Majani ya akiba ya vuli hukatwa Juni na Julai, baada ya masika, yakiwa bado kijani. Chanjo huombwa Agosti. Kikao cha malka hukaa Septemba. Kwa mafuriko ya masika, kazi hizo hizo hurudiwa Januari na Februari.